Kazi za programu ughaibuni: Mwongozo kwa mtaalamu wa tarakilishi anayetegemea Kiingereza

Na MWANDISHI WETU

KIJANA wa Kenya aliyehitimu katika taaluma ya tarakilishi ana turufu moja ambayo wenzake wa mataifa mengi hawana. Amefunzwa kwa Kiingereza tangu shule ya msingi, amefanya mitihani yake mingi kwa lugha hiyo, na vitabu vya kazi yake vimeandikwa kwa lugha iyo hiyo. Aidha, lugha zinazotumiwa kuandika programu zimejengwa juu ya maneno ya Kiingereza. Si ajabu basi kwamba wengi wao, wanapoona nafasi za kazi nchini zikiwa finyu na mishahara ikiwa duni, huanza kutupia macho ng'ambo.

Hata hivyo, baina ya kutamani na kupata kuna safari ndefu. Wapo waliofika Berlin, Amsterdam, Toronto na Tokyo kwa njia halali, na sasa wanaishi vyema. Wapo pia waliouza shamba la familia kumlipa wakala ambaye baadaye alizima simu na kutoweka. Tofauti baina ya makundi haya mawili mara nyingi si akili wala bahati, bali ni maarifa ya namna mambo yanavyoendeshwa. Makala haya yanakusudia kumpa msomaji maarifa hayo: nchi zipi humpokea mwandishi wa programu ambaye lugha yake ya kigeni ni Kiingereza pekee, sheria zao zasemaje, kazi yenyewe hutafutwa vipi, na mitego iko wapi.

Kiingereza chatosha wapi?

Kwa upande wa lugha, nchi zinazoajiri wataalamu hawa zaweza kugawanywa katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni lile la nchi ambazo Kiingereza ndicho lugha ya kila siku: Uingereza, Ireland, Marekani, Canada, Australia na New Zealand. Huko mtu hahitaji kujifunza lugha nyingine, lakini kwa sababu hiyo hiyo ushindani ni mkali mno, kwani dunia nzima inabisha hodi katika mlango mmoja.

Fungu la pili ni la nchi zenye lugha zao, lakini ambazo kampuni zake nyingi za teknolojia huendesha shughuli kwa Kiingereza. Uholanzi, Sweden, Denmark, Estonia na jiji la Berlin nchini Ujerumani zimo humu. Katika ofisi za Booking.com mjini Amsterdam, Spotify mjini Stockholm au Zalando mjini Berlin, mikutano na maandishi ya kazi huwa kwa Kiingereza, maana wafanyakazi wametoka pembe zote za ulimwengu. Hata programu ya teksi ya Bolt, ambayo wakazi wa Nairobi na Mombasa huitumia kila siku, asili yake ni Tallinn, mji mkuu wa Estonia.

Fungu la tatu ni la nchi ambazo Kiingereza hukubaliwa katika kampuni chache tu. Japani ni mfano mzuri. Nje ya kampuni hizo, mtu asiyejua Kijapani hufungiwa milango mingi.

Jambo la kuzingatia ni kwamba Kiingereza cha ofisini si Kiingereza cha mtaani. Mtaalamu aliyeajiriwa Berlin ataongea Kiingereza kazini, lakini mkataba wa nyumba, barua ya ofisi ya kodi na maelezo ya daktari vitamfikia kwa Kijerumani. Anayedhani kwamba hatahitaji kujifunza hata salamu za wenyeji anajidanganya.

Ujerumani

Miongoni mwa nchi za Ulaya bara, Ujerumani ndiyo iliyolegeza masharti kwa kiasi kikubwa zaidi katika miaka ya karibuni. Njia kuu ni kibali kinachojulikana kama Kadi ya Buluu ya Muungano wa Ulaya. Ili kukipata, mwombaji huhitaji shahada inayotambuliwa, mkataba wa kazi wa angalau miezi sita, na mshahara usiopungua kiwango kinachowekwa kila mwaka. Mnamo 2025 kiwango hicho kilikuwa yuro 48,300 kwa mwaka kabla ya makato, na yuro 43,759.80 kwa kazi zenye uhaba wa watu, zikiwemo za tarakilishi. Kwa kuwa viwango hivi hupandishwa karibu kila Januari, sharti mwombaji athibitishe kile cha mwaka wake.

Badiliko lililowafaa wengi lilianza kutekelezwa Novemba 2023. Tangu wakati huo, mtaalamu wa tarakilishi asiye na shahada aweza kupewa Kadi ya Buluu iwapo ataonyesha kwamba amefanya kazi hiyo kwa miaka mitatu au zaidi ndani ya miaka saba iliyotangulia, kwa kiwango cha ujuzi kinacholingana na cha chuo kikuu. Hii ni habari njema kwa waliojifunza katika vyuo vya muda mfupi au waliojifundisha wenyewe, almuradi wawe na barua za waajiri na mikataba ya kuthibitisha. Aliyefanya kazi za vibarua kwa miaka mitano bila karatasi yoyote hana cha kuonyesha.

Mwenye shahada naye atazame kwanza hifadhi ya mtandaoni iitwayo Anabin, ambamo serikali ya Ujerumani imeorodhesha vyuo vikuu vya mataifa mbalimbali na hadhi ya kila kimoja. Chuo kilichopewa alama ya H+ kinatambuliwa. Ikiwa shahada yenyewe haimo katika orodha, mwombaji atalazimika kuomba taarifa ya ulinganisho kutoka kwa ofisi kuu ya elimu ya kigeni ya nchi hiyo, iitwayo ZAB kwa kifupi. Kazi ya programu haihitaji leseni, tofauti na udaktari au uuguzi, kwa hivyo hakuna bodi ya kitaaluma ya kupitia.

Njia ya pili ni Kadi ya Fursa, Chancenkarte kwa lugha yao, iliyoanza tarehe 1 Juni 2024. Hii humruhusu mtu kuingia Ujerumani kwa muda wa hadi mwaka mmoja ili atafute kazi akiwa huko huko. Mwombaji sharti awe na shahada, au mafunzo ya kazi ya angalau miaka miwili, yanayotambuliwa na nchi yake. Ajue Kijerumani cha kiwango cha A1 au Kiingereza cha B2. Na ajipatie alama sita katika hesabu inayozingatia umri, tajriba, lugha na mengineyo. Katika kipindi hicho aweza kufanya kazi ya muda kwa saa 20 kwa wiki. Tatizo ni fedha: mnamo 2025 mwombaji alitakiwa kuthibitisha kwamba ana yuro 1,091 za kujikimu kila mwezi, yaani zaidi ya yuro 13,000 kwa mwaka. Kwa familia nyingi za Kenya, kiasi hicho ni mlima. Isitoshe, kadi hii haiahidi kazi. Anayerejea nyumbani baada ya mwaka mmoja bila mkataba amekula akiba yake yote.

Wakenya wengi walianza kuizungumzia Ujerumani tarehe 13 Septemba 2024, wakati mataifa haya mawili yalipotia saini mkataba wa uhamiaji wa wafanyakazi jijini Berlin mbele ya Rais William Ruto na Kansela wa wakati huo, Olaf Scholz. Habari zilienea kwamba Wakenya 250,000 wangepewa kazi. Wizara ya masuala ya ndani ya Ujerumani ilikanusha, ikasema kuwa mkataba huo hauna idadi wala mgao wowote. Yeyote anayemwambia kijana kwamba ana "nafasi za serikali" chini ya mkataba huo anamlaghai.

Mwenye Kadi ya Buluu aweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miezi 27, au 21 akijua Kijerumani cha kiwango cha B1. Mkewe au mumewe huruhusiwa kuungana naye bila kufanya mtihani wa lugha kwanza. Tangu Juni 2024 Ujerumani pia huruhusu uraia wa nchi mbili, jambo ambalo Katiba ya Kenya ya 2010 tayari ilikuwa imelikubali.

Uholanzi

Wadachi wana utaratibu wa wahamiaji wenye ujuzi wa hali ya juu. Ajabu yake ni kwamba hautazami shahada hata kidogo. Hutazama mambo mawili tu, mwajiri na mshahara. Mwajiri sharti awe ametambuliwa rasmi na idara ya uhamiaji, IND, kuwa mdhamini. Orodha ya wadhamini hao imewekwa wazi katika tovuti ya idara hiyo, na yeyote aweza kuisoma bila malipo. Kwa mtafuta kazi, orodha hii ni hazina: kampuni isiyokuwamo haiwezi kumleta kwa njia hiyo hata ikimpenda namna gani.

Kuhusu mshahara, kiwango cha 2025 kilikuwa yuro 5,688 kwa mwezi kwa mwenye umri wa miaka 30 na kuendelea, na yuro 4,171 kwa aliye chini ya umri huo, mbali na marupurupu ya likizo. Mtaalamu aliyetolewa ng'ambo aweza pia kupata nafuu ya kodi, ambapo sehemu ya mshahara wake, hadi asilimia 30, hailipiwi kodi kwa muda wa miaka mitano. Bunge la nchi hiyo limepitisha kwamba asilimia hiyo ishuke hadi 27 kuanzia 2027. Mwenye nia ya kubaki huko maisha yake yote ajue kwamba Uholanzi, kwa kawaida, humtaka anayepewa uraia wake aache ule wa awali.

Uingereza na Ireland

Uingereza nayo huweka hadharani orodha ya waajiri wenye leseni ya kudhamini wafanyakazi wa kigeni. Viza yake ya wafanyakazi wenye ujuzi imezidi kuwa ghali. Tarehe 4 Aprili 2024 kiwango cha jumla cha mshahara kilipandishwa hadi pauni 38,700 kwa mwaka, na tarehe 22 Julai 2025 kikapanda tena hadi pauni 41,700. Zaidi ya hayo, kila kazi ina kiwango chake mahususi, na mwombaji hupimwa kwa kile kilicho juu. Kuna pia ada ya huduma za afya, pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza kwa mtu mzima, ambayo hulipwa yote kwa mkupuo mmoja kabla ya safari. Mwenye viza ya miaka mitatu hulipa zaidi ya pauni 3,000 kwa afya pekee.

Hapa pana jambo linalowashangaza Wakenya wengi. Ingawa Kiingereza ni lugha rasmi nchini mwetu, Kenya haimo katika orodha ya nchi ambazo raia wake husamehewa mtihani wa Kiingereza na Uingereza. Mwombaji hana budi kufanya mtihani uliokubaliwa, au kupata uthibitisho kutoka kwa shirika la Ecctis kwamba shahada yake ilifundishwa kwa Kiingereza. Si haki machoni pa wengi, lakini ndiyo sheria.

Ireland husahauliwa, ilhali tangu Uingereza ijitoe katika Muungano wa Ulaya mnamo 2020, ndiyo nchi kubwa zaidi ya Muungano huo ambako Kiingereza ndicho lugha ya kawaida ya wananchi. Kampuni nyingi kubwa za Marekani zimeweka makao yao ya Ulaya jijini Dublin. Kibali cha kazi zenye ujuzi adimu hutolewa kwa waandishi wa programu walioahidiwa kazi ya angalau miaka miwili. Dosari yake kubwa ni uhaba wa nyumba; wapo waliopata kazi Dublin na kulala kwa marafiki miezi kadha kwa kukosa pa kupanga.

Canada na Marekani

Canada huendesha mfumo wa alama uitwao Express Entry, ulioanza Januari 2015. Mtu hupimwa kwa umri, elimu, tajriba na lugha, kisha wenye alama za juu hualikwa kuomba ukaazi wa kudumu. Cheti cha Kenya hupelekwa kwanza kwa shirika lililoidhinishwa ili kilinganishwe na cha Canada, na mtihani wa Kiingereza ni lazima kwa kila mtu. Matokeo ya mtihani huo hudumu kwa miaka miwili tu. Hapo awali, barua ya kazi kutoka kwa mwajiri wa Canada ilimwongezea mtu alama; tangu Machi 2025 alama hizo ziliondolewa, kwa sababu barua hizo zilikuwa zimegeuka biashara ya matapeli. Wakala anayeuza "barua ya ofa ya Canada" ili upate alama anauza bidhaa isiyokuwa na thamani.

Kwa upande wa Marekani, viza ya H-1B ndiyo njia inayojulikana, lakini ni nyembamba mno. Sheria huruhusu viza mpya 65,000 kila mwaka, pamoja na nyingine 20,000 kwa waliopata shahada ya uzamili au zaidi katika vyuo vya huko, na waombaji huwa wengi kiasi cha kupigiwa kura. Mnamo Septemba 2025, Rais Donald Trump alitoa amri ya kuwatoza waajiri dola 100,000 kwa maombi mapya ya watu walio nje ya nchi hiyo. Kwa mtu anayeanza kazi akiwa Nairobi au Kisumu, kuelekeza matumaini yote Marekani ni sawa na kungoja embe chini ya mwarobaini.

Japani

Japani ina upungufu mkubwa wa wataalamu wa tarakilishi, na viza yake ya wahandisi haina kura wala mgao wa kila mwaka. Kinachohitajika ni mkataba wa kazi na shahada, au tajriba ya miaka kumi kwa asiye na shahada. Kampuni ya Rakuten ilitangaza mnamo 2010 kwamba Kiingereza kingekuwa lugha yake rasmi ya kazi, na baadaye nyingine, kama vile Mercari, zikafungua vikosi vya wahandisi vinavyotumia Kiingereza. Mwenye alama 80 katika hesabu ya wataalamu wa hali ya juu aweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya mwaka mmoja tu.

Kwa Waafrika kuna mlango mwingine. Mpango wa ABE, uliotokana na mkutano wa TICAD wa 2013 mjini Yokohama, huwapa vijana wa bara hili nafasi za shahada ya uzamili katika vyuo vikuu vya Japani pamoja na mafunzo ya vitendo katika kampuni za huko. Wakenya wamo miongoni mwa walionufaika.

Namna ya kuitafuta kazi yenyewe

Sheria zote zilizotajwa hapo juu, isipokuwa Kadi ya Fursa na mfumo wa Canada, zinadai jambo moja kwanza: mkataba. Basi kazi hutangulia viza, wala si kinyume chake. Wanaoanza kwa kulipia viza kabla ya kuwa na mwajiri wanafunga mkokoteni mbele ya punda.

Wasifukazi wa mwandishi wa programu usizidi kurasa mbili. Usiandike dini, kabila wala majina ya wazazi. Badala ya kueleza majukumu, eleza ulichotimiza: ni mfumo gani ulioujenga, ulihudumia watumiaji wangapi, ulipunguza gharama au muda kwa kiasi gani. Mkenya aliyewahi kuunganisha duka la mtandaoni na mfumo wa malipo wa M-Pesa ana jambo la kujivunia. Fedha za simu zilianza hapa mnamo 2007 kabla ya mataifa mengi tajiri kuzifahamu, na kampuni za kifedha za Ulaya huuthamini ujuzi huo. Lieleze kwa mtu asiyeijua Kenya.

Waajiri hupenda kuona msimbo wenyewe. Akaunti safi katika GitHub, yenye kazi mbili au tatu zilizokamilika na kuelezwa vizuri, yashinda vyeti kumi vya kozi za wiki mbili. Kuchangia programu huria zinazotumiwa na watu wengi ni bora zaidi, kwa maana huko msimbo wako unasomwa na kusahihishwa na wageni, na jina lako linajulikana kabla hujaomba kazi.

Mahojiano kwa kawaida huwa na hatua nne au tano: mazungumzo mafupi na afisa wa uajiri, jaribio la kuandika msimbo, mjadala wa kubuni mifumo mikubwa, mahojiano na kikosi utakachofanya nacho kazi, kisha ofa. Wakenya wengi huanguka katika hatua ya pili, si kwa kukosa akili, bali kwa sababu hawajazoea kufikiri kwa sauti huku mtu akiwatazama. Jambo hili hufanyiwa mazoezi. Pataneni wawili, mmoja aulize, mwingine aandike huku akieleza kila hatua, halafu mbadilishane.

Ukweli mchungu ni kwamba nafasi nyingi zinazokuja na viza ni za watu wenye tajriba ya miaka mitatu au zaidi. Kampuni ya Andela, iliyoanzishwa Lagos mnamo 2014 na kufika Nairobi mwaka uliofuata, ilijengwa juu ya wazo la kuwafunza vijana na kuwakodisha kwa kampuni za ng'ambo. Mnamo Septemba 2019 iliwaachisha kazi takriban vijana 400 wa ngazi ya chini nchini Kenya, Uganda na Nigeria, ikisema wateja walitaka wataalamu waliokomaa. Tangu wimbi la kuachisha watu kazi katika kampuni kubwa za teknolojia mnamo 2022 na 2023, na ujio wa programu za akili unde zinazoandika msimbo mwepesi, hali ya wanaoanza imezidi kuwa ngumu. Kijana aliyehitimu juzi afanye kazi hapa kwanza, hata kwa mshahara mdogo, ajenge jina, kisha ndipo aombe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Ng'ambo ukiwa nyumbani

Tangu nyaya za mawasiliano za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zifike Mombasa mnamo 2009, imewezekana kuandikia kampuni ya kigeni programu bila kutoka Kenya. Kwa wengi hii ndiyo hatua ya kwanza yenye busara. Saa za kazi hutegemea mwajiri yuko wapi. Nairobi iko mbele ya Berlin kwa saa moja au mbili, na mbele ya London kwa mbili au tatu, tofauti isiyomsumbua mtu. Lakini iko mbele ya San Francisco kwa saa kumi au kumi na moja, kwa hivyo mkutano wa asubuhi huko ni wa jioni au usiku kwetu.

Mara nyingi mwajiri wa namna hii humchukua mtu kama mkandarasi, si mwajiriwa. Hapo hakuna likizo ya ugonjwa, hakuna akiba ya uzeeni, na mkataba waweza kukatizwa kwa notisi fupi. Michango ya NSSF na ya bima ya afya ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ni juu yako mwenyewe. Vivyo hivyo kodi: mkazi wa Kenya anayelipwa kwa dola bado anatakiwa kutangaza mapato yake kwa KRA kabla ya tarehe 30 Juni kila mwaka. Walioyapuuza haya wamejikuta wakidaiwa kodi ya miaka kadha pamoja na faini.

Mitego

Mnamo Novemba 2022, serikali ya Kenya iliwaonya vijana kuhusu matangazo ya kazi nchini Thailand. Waliohadaiwa waliahidiwa kazi nzuri za ofisini, lakini walipofika walivushwa mpaka hadi Myanmar, wakapokonywa pasipoti na kulazimishwa kuwatapeli watu mtandaoni kwa kutwa na usiku. Mapema 2025, Wakenya walikuwa tena miongoni mwa maelfu waliookolewa kutoka makambi hayo. Waliotafutwa hasa walikuwa vijana wanaojua Kiingereza na tarakilishi, yaani hao hao wanaosoma makala haya.

Zipo dalili zinazomfichua laghai. Mwajiri wa kweli hamtozi mtafuta kazi ada ya mahojiano, ya "faili" wala ya mkataba. Nchini Uingereza, tangu mwisho wa 2024, ni marufuku kwa mwajiri kumtwika mfanyakazi ada ya cheti cha udhamini. Katika Milki za Kiarabu, sheria iliyoanza kutumika Februari 2022 inakataza gharama za uajiri kutozwa mfanyakazi. Mwajiri wa kweli pia hukuhoji kuhusu kazi. Anayekupa mshahara mnono wa kuandika programu bila kukuuliza swali hata moja kuhusu programu ana lake jambo. Anayekuambia usafiri kwa viza ya utalii ili "mambo yatengenezwe ukifika" anakupeleka pabaya.

Kabla ya kulipa hata shilingi moja, thibitisha iwapo wakala amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA. Kisha itafute kampuni yenyewe kupitia tovuti yake rasmi, si kupitia kiungo ulichotumiwa, uulize iwapo nafasi hiyo ipo. Kuuliza si ujinga.

Kabla ya kutia saini

Mshahara wa yuro 50,000 kwa mwaka, ukigeuzwa kuwa shilingi, humfanya mtu kizunguzungu. Lakini kapera nchini Ujerumani akikatwa kodi, bima ya afya na akiba ya uzeeni, hupoteza zaidi ya thuluthi moja ya mshahara huo, akabakiwa na takriban yuro 2,700 kwa mwezi. Kodi ya nyumba jijini Berlin au Munich yaweza kumeza karibu nusu ya hizo. Ukiahidi kutuma nyumbani yuro 1,000 kila mwezi kabla ya kufanya hesabu hii, utaishi kwa madeni katika nchi ya watu. Wakenya walio ughaibuni walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9 mnamo 2024, na nyuma ya fedha hizo kuna wengi wanaojinyima.

Soma mkataba wote. Je, kuna muda wa majaribio, na ukiachishwa kazi ndani yake kibali chako kitakuwaje? Je, utatakiwa kurudisha gharama za uhamisho ukiacha kazi kabla ya mwaka mmoja au miwili? Nani atalipa tikiti na malazi ya mwezi wa kwanza? Mwajiri mwema hatakasirishwa na maswali haya.

Tayarisha mapema vyeti vya shule na chuo, barua za waajiri wa zamani, cheti cha kuzaliwa, cha ndoa kwa mwenye ndoa, na cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi. Pasipoti iwe na muda mrefu wa kutumika. Wapo waliopoteza kazi nzuri kwa kukosa karatasi moja iliyokuwa ikisubiriwa katika ofisi ya serikali.

Mwisho, usiache kazi uliyonayo eti kwa sababu mahojiano ya kwanza yameenda vyema. Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Omba kazi huku ukifanya kazi, jifunze huku ukiomba, na usimwambie mama auze ng'ombe hadi uwe na mkataba uliotiwa saini, jina la kampuni umelithibitisha, na ubalozi umekubali maombi yako. Hapo ndipo safari inapoanza.